Uko Form Three ama Form Four Chaka na Unataka Doo ya Chuo? Makaratasi Kwanza, Majuu Baadaye

Kila Januari stori huwa ile ile. Matokeo ya KCSE yanatoka, msee anapata B+ yake safi, na kabla jua lizame soko lote la Chaka limejua, juu mathe anauza vitunguu hapo kando ya barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki na siri kama hiyo hawezi kuikalia. Majirani wanakuja kupongeza. Soda zinanunuliwa. Wiki ya pili mzae anauliza kwa sauti ya chini: sasa hii karo ya chuo tutaitoa wapi? Hapo ndio simu inachomolewa, bando ya soo inanunuliwa, na mtu anaanza kusaka ufadhili wa kusoma majuu.

Hiyo saa milango mingi ishafungwa, na iliyo wazi inataka karatasi zenye hakuna mtu nyumbani anajua ziko wapi. Mimi nawaambianga hivi: vijana wengi wa huku Kieni hawakosi ufadhili juu ya gredi. Wanaukosa juu ya cheti kimoja, herufi moja ya jina, ama tarehe yenye ilipita wakiwa kwa sherehe ya matokeo. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027, so mkiwa Form Three na Form Four mko kwa zile batch mbili za mwisho. Chanukeni mapema.

Kitu cha kwanza, tofautisha maneno, juu watu huyachanganya hadi wanapoteza. Ufadhili, ama skolashipu venye wengi huiita, ni pesa haurudishi na mara nyingi inalipa kitu kikubwa. Basari pia haurudishi, lakini huwa ndogo, inatoka hapa karibu, na unaomba tena na tena. Mkopo unarudisha, hata ukiitwa jina tamu aje. Mtu akikushow "nimekupatia skolashipu" halafu kuna mahali unasaini kulipa baadaye, huyo amekupatia deni.

Pesa iko karibu kuliko zote

Najua unataka nikuambie kuhusu Marekani. Ngoja. Doo yenye una nafasi kubwa ya kupata iko kwa fomu yenye watu hujaza wakiwa wamechoka.

Tangu 2023, ukiitwa chuo kikuu cha umma kupitia KUCCPS, serikali haitoi kiasi sawa kwa kila mtu. Unaingia tovuti ya HEF, hef.co.ke, unajaza ombi, na hapo unaomba vitu viwili: ufadhili wa Universities Fund, na mkopo wa HELB wenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Majibu yako yanapitishwa kwa kipimo cha uwezo wa familia kinachoitwa MTI, halafu unawekwa kwa bendi.

Bendi ni tano. Venye zilipangwa, bendi ya kwanza ufadhili unalipa asilimia 70 ya karo, mkopo 25, na familia inabaki na 5. Bendi ya tano ufadhili ni 30, mkopo 30, na familia inatafuta 40. Sasa piga hesabu ya kozi ya 200,000 kwa mwaka. Mtoto wa bendi ya kwanza, nyumbani wanatoa 10,000. Wa bendi ya tano, wanatoa 80,000. Tofauti ni 70,000 kila mwaka, na kwa kozi ya miaka minne hiyo ni 280,000. Uliza mzae hiyo ni ng'ombe ngapi za maziwa.

Na hiyo tofauti yote inaamuliwa na majibu yako kwa fomu. Cheki venye watu huijaza. Wako saiba Nyeri mjini, foleni imefika mlangoni, jamaa wa saiba anauliza mbio mbio: mzazi anafanya kazi gani? "Biashara." Sawa, tiki, next. Kumbe hiyo "biashara" ni kubebea watu magunia ya viazi siku ya soko, nyumbani kuna wengine watatu bado wako shule, na shosho anakunywa dawa za presha kila mwezi. Hakuna hata moja ya hizo imeandikwa. Halafu bendi inatoka juu na mtu anasema serikali inamchukia.

Jaza mwenyewe. Kabla uende saiba, kaa na wazazi jioni moja na daftari: wanapata ngapi mwezi mzuri, ngapi mwezi mbaya, nani anasomeshwa, karo ya kila mmoja, kodi, dawa. Andika ukweli wote. Kudanganya ni kosa la sheria, lakini kupunguza shida zako juu ya aibu hakukusaidii pia. Usimwachie jamaa wa saiba nambari yako ya siri. Na ukiona bendi haifanani na maisha yenu, kata rufaa kwa tovuti dirisha likiwa wazi. 2024 malalamiko yalikuwa mengi hadi serikali ikaunda kamati ya kuangalia huo mfumo.

Mfumo wenyewe uko na kesi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba, halafu 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwanza. Karo na viwango vimekuwa vikirekebishwa pia, so asilimia nimekupea hapo juu zihakikishe kwa tovuti mwaka wenye unaomba, usitegemee za kaka yako.

Mambo mawili ya kuweka kwa akili. Ufadhili huu ni wa waliopelekwa chuo cha umma na KUCCPS. Ukichagua chuo cha kibinafsi unabaki na mkopo peke yake. Na mkopo unaombwa upya kila mwaka, usidhani ukishapewa mwaka wa kwanza umemaliza.

Kama C+ ya digrii haikutokea, bado hujafungiwa nje. Vyuo vya ufundi kama Nyeri National Polytechnic wanafunzi wao pia huomba kupitia hapo hapo HEF, na karo ya huko ni ya chini. Sijui kwa nini watu wa mtaa huongea juu ya fundi wa umeme kama amefeli, halafu stima ikipotea wanamtafuta na tochi.

Makaratasi ndio mtihani wenyewe

Hii ilinipata mimi. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimeandika jina moja na L mahali shule iliandika R, mambo yetu ya Mlima mnayajua. Hiyo herufi moja ilinifanya nizunguke ofisi miezi, na ufadhili nilikuwa nimeitiwa mahojiano ukaenda kwa mwingine. Hakuna mtu alikuwa mbaya. Karatasi zilikataa tu kuongea lugha moja.

So leo jioni toa cheti chako cha kuzaliwa na uweke kando ya jina venye shule imekuandika. Herufi kwa herufi, na mpangilio wa majina pia. Kama hujasajiliwa KCSE, kurekebisha ni rahisi. Mwambie mwalimu anayeshughulikia usajili. Ukishafanya mtihani inakuwa safari ndefu.

Ukifika miaka 18 chukua kitambulisho mara moja, usingoje kuitwa chuo. Sajili laini ya simu kwa kitambulisho chako mwenyewe, juu HELB inataka nambari yenye iko kwa jina lako. Laini ya mathe itakusumbua. Fungua barua pepe yenye jina lako halisi, si ile ya utani wa Instagram, na uandike nywila mahali hata simu ikiibiwa kwa mathree bado utaipata.

Kusanya nakala za vitambulisho vya wazazi. Kama mzazi alifariki, utaulizwa cheti cha kifo, na kibali cha mazishi hakitoshi. Familia nyingi hazijawahi kukichukua, juu baada ya matanga nani ana nguvu ya kurudi ofisi? Hii peke yake imefungia mayatima wengi nje ya pesa iliyowekwa kwa ajili yao. Kama ni nyumbani kwenu, anza kukifuata saa hii, usingoje Januari. Huduma Centre ya Nyeri mjini ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Halafu ripoti za shule za kila muhula, kutoka Form One. Vyuo vya Marekani huziitisha, na hakuna kitu ngumu kama kutafuta ripoti ya Form Two Desemba shule ikiwa imefungwa na karani ako likizo. Zipeleke saiba siku moja, zipigwe skani zote, uzitume kwa barua pepe yako.

Chifu, basari na ile foleni

Basari za huku ni njia mbili hasa. Kuna NG-CDF ya Kieni, na kuna Elimu Fund ya Kaunti ya Nyeri. Zote zinataka sahihi na mihuri, na safari za ofisi ya chifu utazihesabu. Enda na nakala, si karatasi halisi. Enda mapema asubuhi. Salimia watu vizuri. Chifu akikujua kama yule kijana wa adabu wa familia fulani, barua yako haitakuwa ile ya mistari miwili.

Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF ya 2015 haiendani na Katiba na ikaipa muda hadi 30 Juni 2026. Kwa hivyo kabla uweke hiyo basari kwa hesabu yako, pita ofisi yao uulize fomu zinatoka lini.

Na kama una mdogo wako yuko gredi za chini, mwambie hivi: Wings to Fly ya Equity, yenye ilianza 2010 na Mastercard Foundation, ni ya shule ya upili. Wewe wa Form Four usipoteze siku kuisaka. Yako ni ile ingine, Equity Leaders Program. Hiyo huangalia waliongoza KCSE kwa kaunti zao pamoja na waliosomeshwa na Wings to Fly wakafanya vizuri, inawapatia kazi ya kulipwa kwa benki kabla ya chuo, na inawasaidia wenye wanataka kuomba vyuo vya nje. Benki yenye asili yake ni Kangema, Murang'a, so si mbali na nyumbani.

Sawa, sasa majuu

Kupanda ndege kwenda kusoma si ndoto ya TikTok huku Nyeri. Septemba 1960 binti wa Ihithe kule Tetu aliondoka Kenya kwenda kusoma Atchison, Kansas, chuo cha Mount St. Scholastica. Alimaliza digrii ya biolojia 1964, akaenda Pittsburgh akamaliza uzamili 1966, akapata PhD hapa Nairobi 1971. 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ni Wangari Maathai. Ule mpango wa ndege ulisukumwa na Tom Mboya, akiwa na akina Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, na ndege ya kwanza 1959 ilikuwa na wanafunzi 81.

Huo mpango umeacha mtoto, kwa maana halisi. Binti ya Mboya, Dkt Susan Mboya, alianzisha Zawadi Africa 2002, na inasaidia mabinti werevu kutoka familia zisizo na uwezo kuingia vyuo. Dada, kama uko na gredi za juu na umewahi kuongoza kitu chochote, hata kama ni kilabu cha watu tisa, hii iandike kwa daftari.

KenSAP nayo ilianza 2004, kazi ya Mike Boit, yule mkimbiaji wa Olimpiki, na John Manners. Ilianzia Bonde la Ufa ikafungukia Kenya yote. Huchukua wachache sana wenye A, inawafundisha mitihani na insha, na wengi wameishia vyuo vikubwa vya Marekani na Kanada. Na Mastercard Foundation wana programu ya chuo kupitia vyuo washirika kama USIU pale Nairobi na Ashesi huko Ghana. Hapo unaomba kupitia chuo chenyewe.

Ukitaka kuomba mwenyewe, jua kalenda yao haijali yetu. Maombi ya vyuo vingi vya Marekani hufunguka Agosti, raundi ya mapema hufungwa karibu 1 Novemba, ya kawaida mwanzo wa Januari. Novemba wewe uko ndani ya KCSE. Ndio maana Wakenya wengi huomba mwaka unaofuata, na huo mwaka mmoja nyumbani si kupotea, ni mpango. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havikatai mwanafunzi wa nje juu ya kukosa pesa, na ukiingia vinalipa kile familia haiwezi. Kuingia ndio shughuli. Ada ya kuomba unaweza kuomba usamehewe, usiache kuomba juu ya hiyo. Ushauri wa EducationUSA, chini ya ubalozi wa Marekani, ni wa bure.

Kuna nchi ambazo vijana wa huku huzichorea na ziko sawa kabisa. Uturuki, kwa Türkiye Bursları, hufungua 10 Januari hadi 20 Februari. Angalia hizo tarehe tena: matokeo ya 2024 yalitoka 9 Januari 2025. Inakutoshea kama kiatu. Kwa digrii ya kwanza wanataka uwe chini ya miaka 21 na wastani wa asilimia 70, na kuomba ni bure. Hungary, kwa Stipendium Hungaricum, inalipa digrii ya kwanza pia lakini hufungwa katikati ya Januari na lazima upitie Wizara ya Elimu, kwa hivyo bila karatasi tayari umekosa. Japani huchukua wa digrii ya kwanza kupitia ubalozi wao Nairobi, katikati ya mwaka. Chevening ya Uingereza ni ya walio na digrii tayari. Kila mwaka kuna wasee wa Form Four wanashare hiyo linki kama ni yao.

Insha, na kwa nini "nimetoka familia maskini" haitoshi

Karibu kila ufadhili mkubwa utataka insha. Watu elfu wataandika ni maskini na wanapenda kusaidia jamii. Anayesoma hana njia ya kukutofautisha na hao wengine.

Andika kitu kimoja chenye umefanya kwa mikono yako. Tuseme kila Jumamosi wewe ndio unahesabia mathe pesa za vitunguu, na siku moja uligundua anapata hasara juu anauza kwa ndoo na ndoo zake si saizi moja. Ukanunua moja, ukapima, mkaanza kujua faida. Hiyo ni hesabu, ni biashara, ni wewe, na hakuna mtu mwingine duniani ataandika hiyo. Umaskini utaonekana wenyewe bila kuutaja.

Barua ya mwalimu vile vile. Usimwendee siku mbili kabla. Mpe wiki tatu, na karatasi moja yenye umeandika mambo umefanya, ili asiandike "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" na kupiga muhuri. Mpe mwalimu mwenye anakujua, hata kama si mkuu wa shule.

Wenye wanakula pesa za watu

Hapa sitacheka. Uasin Gishu kulikuwa na mpango wa kaunti wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Wengi waliusikia kama ufadhili. Kumbe wazazi ndio walikuwa wanalipa, kupitia akaunti ya kaunti, wengine wakiuza shamba na mifugo. 2023 ikajulikana pesa hazikufika vyuoni venye ilitarajiwa. Kuna waliokuwa tayari Finland wakaambiwa waondoke darasani, na kuna wazazi Eldoret waliingia barabarani kuandamana juu watoto hawajawahi hata kuondoka. Agosti 2023 maafisa wa zamani wa kaunti walipelekwa kortini, wakakana mashtaka.

Huo mpango ulikuwa na ofisi, muhuri na viongozi kwa jukwaa. So usiniambie "lakini wako na ofisi Nyeri". Jiulize vitu vitatu. Nani anapokea pesa, na ni nambari ya M-Pesa ya mtu? Chuo chenyewe kinasema nini ukiwaandikia moja kwa moja kwa anwani iko kwa tovuti yao? Na je, kuna mtu amekuhakikishia utapata? Hakuna ufadhili halali unaweza kuhakikishiwa kabla uombe. Ada za kweli zipo, kama za KUCCPS, pasipoti au mtihani wa SAT, lakini hizo unalipa kwa mwenyewe, si kwa ajenti wa grupu la WhatsApp anayekuambia nafasi zimebaki mbili. Kabla mzae auze hata mbuzi, mwonyeshe hii.

Likizo ya Aprili ni fupi na mvua itakuwa inanyesha huku. Siku ya kwanza linganisha majina. Siku ya pili ofisi ya chifu. Ya tatu saiba kupiga skani, na ukiwa hapo andika tarehe za mwaka mzima nyuma ya daftari ya hesabu: Januari Uturuki na Hungary, katikati ya mwaka Japani, Agosti Marekani inafungua. Na hiyo ya HEF, weka alama mbili.